Mateka Katika Nchi ya Kipande: Kambi za Wanajeshi wa Kiitaliano Nchini Kenya, 1941–1947

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kambi ambamo Uingereza iliwaweka mateka wa Kiitaliano nchini Kenya wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia na miaka michache baada yake. Kambi hizo hukumbukwa zaidi kupitia kitabu cha Felice Benuzzi kuhusu kupanda Mlima Kenya mwaka 1943 na kupitia kikanisa cha Mai Mahiu. Makala yanadai kwamba kumbukumbu hizo zimefunika jambo la msingi: adui aliyetekwa alikuwa na haki za kisheria ambazo Mwafrika mtawaliwa, aliyeishi nje ya seng'enge, hakuwa nazo. Hoja hiyo inajengwa kwa kuulinganisha Mkataba wa Geneva wa 1929 na sheria za kazi za koloni, kwa kukisoma upya kitabu cha Benuzzi, na kwa kufuatilia maana ya neno mateka lenyewe.

1. Utangulizi

Tarehe 24 Januari 1943 wanaume watatu walitoka katika Kambi Namba 354, Nanyuki, kwa kutumia ufunguo wa bandia. Felice Benuzzi alikuwa ofisa katika utawala wa kikoloni wa Italia nchini Ethiopia. Giovanni Balletto alikuwa daktari. Vincenzo Barsotti hakuwa mpanda milima, lakini alikubali kuandamana nao. Lengo lao halikuwa kufika nchi isiyo vitani, bali kuupanda Mlima Kenya waliokuwa wakiutazama kila siku kupitia seng'enge. Ramani hawakuwa nayo. Picha ya mlima iliyochapwa kwenye karatasi ya kopo la nyama ilikuwa mojawapo ya vielelezo vyao. Mashoka ya barafu waliyatengeneza kwa nyundo, njumu za kukanyagia barafu kwa vyuma chakavu na waya, na kamba kwa katani waliyoifumua kwenye vitanda. Baada ya siku 18 walirudi kambini kwa hiari yao. Kilele cha Batian kiliwashinda, ila Benuzzi na Balletto walikuwa wamesimika bendera ya Italia juu ya Lenana, mita 4,985 kutoka usawa wa bahari.

Adhabu yao ilikuwa kifungo cha upweke cha siku 28. Mkuu wa kambi, aliyevutiwa na moyo wao wa kimichezo, aliwaachia baada ya siku 7.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi, na aghalabu msimulizi huishia kwenye zile siku 7, yaani kwenye uungwana wa mkuu wa kambi. Makala haya yanaanzia kwenye siku 28. Kwa nini ziwe 28, wala si miezi sita au miaka miwili? Jibu linatokana na sheria, na sheria hiyo haikuwa ya Kenya. Mtu mwingine aliyetoroka pale alipotakiwa kuwapo, katika wilaya hiyohiyo na mwezi huohuo, angekutana na sheria nyingine kabisa endapo mtu huyo angekuwa kibarua Mwafrika aliyeliacha shamba la mlowezi kabla ya mkataba wake kwisha.

2. Neno na Watu Wake

Kitenzi teka katika Kiswahili kina matumizi mawili yanayojulikana na kila msemaji. Mtu huteka maji kisimani. Jeshi huteka mji. Nomino mateka imetokana na matumizi ya pili, na kwa muda mrefu ilibeba kwa pamoja mali iliyonyakuliwa vitani na watu walionyakuliwa pamoja nayo. Umbo lake la ngeli ya ma- linakumbusha hali hiyo: mateka, kama mapato na mavuno, ni kile kilichopatikana. Matumizi ya leo yanayolichukulia neno hili kuwa la mtu, na kuliambatanisha na upatanisho wa a-/wa-, yamelisogeza kutoka kwenye mali hadi kwenye nafsi.

Msogeo huo una historia nyuma yake. Katika karne ya 19, mtu aliyetekwa vitani katika bara la Afrika Mashariki angeweza kujikuta katika msafara kuelekea pwani, na huko akauzwa. Kati ya mateka na mtumwa palikuwa na hatua fupi. Dhana kwamba aliyetekwa ana haki zake, kwamba kuna cheo chake kinachoendelea kutambuliwa na chakula chake kinachopimwa kwa kanuni, iliingia katika eneo hili pamoja na majeshi ya Ulaya, na kwa muda mrefu ilibaki kuwa yao.

Neno askari nalo lina mkasa wake. Kutokana na asili yake ya Kiarabu, lilikuwa jina la mwanajeshi Mwafrika wa Wajerumani na wa Waingereza vilevile, na kwa Waitaliano pia, ambao waliandika ascari kwa kuwataja wanajeshi wao kutoka Eritrea, Somalia na kwingineko. Mwaka 1941 askari wa Keya, yaani wa kikosi cha King's African Rifles, walipigana dhidi ya majeshi yaliyojaa ascari. Wengi wa hao wa upande wa Italia waliyatoroka majeshi yao yalipoanza kurudi nyuma. Waliokamatwa hawakutarajiwa kukaa na mabwana wao wa jana, maana kifungu cha 9 cha Mkataba wa Geneva wa 1929 kilizitaka nchi zilizo vitani ziepuke, kadiri iwezekanavyo, kuwachanganya katika kambi moja mateka wa mbari au mataifa tofauti. Hivyo hata mkataba wenyewe, uliosifiwa kwa utu wake, ulikuwa na mstari wa rangi ndani yake.

3. Kutoka Amba Alagi Hadi Nanyuki

Vita vya Afrika Mashariki vilikwisha haraka kuliko ilivyotazamiwa. Majeshi yaliyotoka Kenya, yakiwa na Waafrika wa Keya, wa Nigeria na wa Gold Coast pamoja na Makaburu na Waingereza wa Afrika Kusini, yaliingia Addis Ababa tarehe 6 Aprili 1941. Mwezi Mei Mtemi wa Aosta, aliyekuwa mwakilishi wa mfalme wa Italia katika Afrika Mashariki, alisalimu amri huko Amba Alagi. Gondar, ngome ya mwisho, iliangukia mikononi mwa Waingereza na wapiganaji wa Ethiopia mnamo Novemba.

Ushindi huo ulileta tatizo la hesabu. Mateka wa Kiitaliano walioletwa Kenya walizidi 50,000. Sensa ya 1931 ilikuwa imehesabu Wazungu 16,812 katika koloni zima, na hata sensa ya 1948 haikupata zaidi ya 29,660. Kwa maneno mengine, katika kipindi cha mwaka mmoja hivi, wanaume weupe waliofungwa nchini Kenya walikuja kuwa wengi kuliko Wazungu wote walioitawala. Kambi zilienea Nanyuki, Nyeri, Gilgil, Naivasha, Londiani, Eldoret na kwingineko, sehemu kubwa zikiwa katika nyanda za juu, yaani katika ardhi iliyotengwa kwa walowezi.

Mtemi mwenyewe aliwekwa katika nyumba karibu na Ol Donyo Sabuk, kwa heshima iliyostahili damu ya kifalme. Hakuishi muda mrefu. Alifariki Nairobi tarehe 3 Machi 1942, akiwa amedhoofishwa na malaria na kifua kikuu, akazikwa Nyeri. Kaburi lake limo katika kanisa la kumbukumbu ya Waitaliano waliofia Kenya.

Ili kuelewa fadhaa ambayo umati huo wa mateka uliizusha, inafaa kukumbuka kwamba utawala wa Kenya ulikuwa umejitahidi kwa miaka mingi kuhakikisha kuwa Mzungu fukara haonekani nchini. Aliyefilisika alisaidiwa kwa siri au akarudishwa kwao. Heshima ya utawala ilitegemea taswira ya mtu mweupe anayeamuru, asiyebeba mzigo, asiyechimba, asiyesimamiwa na Mwafrika. Sasa walikuwapo makumi ya maelfu ya Wazungu waliochakaa, wanaohesabiwa asubuhi na jioni, huku miongoni mwa wanaowalinda kwa bunduki wakiwamo askari Waafrika.

4. Kumbukumbu ya Tabora

Fadhaa hiyo haikuwa mpya. Robo karne kabla yake, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliwaweka Tabora na sehemu nyingine za koloni lao wafungwa Waingereza na washirika wao, wakiwamo wamisionari wa UMCA waliokuwa wakifanya kazi Zanzibar na bara. Wabelgiji walipoutwaa mji wa Tabora mnamo Septemba 1916, wafungwa hao waliachiliwa na kuanza kutoa ushahidi. Serikali ya Uingereza ilichapisha ripoti kuhusu suala hilo mwaka 1917.

Lalamiko lililojirudia halikuwa njaa peke yake, wala maradhi. Lilikuwa aibu: Wazungu wamefanyishwa kazi zinazodhaniwa kuwa za watumishi, tena mbele ya macho ya Waafrika, na wakati mwingine chini ya usimamizi wa askari Waafrika. Katika malumbano hayo Wajerumani walishitakiwa kuwa wamelisaliti jamii lao la weupe. Ripoti hizo zilizungumzia pia mateso ya Waafrika. Walimu na makasisi Waafrika wa UMCA walifungwa na kuteswa kwa kushukiwa kuwa wapelelezi wa Waingereza. Hata hivyo, mateso yao yalitumiwa hasa kuthibitisha kuwa Mjerumani hafai kurudishiwa koloni, na hayakuzaa hoja kwamba Mwafrika naye anastahili hadhi ya mateka wa vita.

Mwisho wa vita hivyo ulidhihirisha pengo hilo. Von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, maofisa wake Wajerumani walirudishwa kwao na wakapokelewa Berlin kama mashujaa. Askari na wapagazi wake walipelekwa katika kambi ya Tabora, na huko homa ya mafua iliyokuwa ikizunguka dunia nzima ikawaua wengi. Mji huohuo uliozaa ripoti juu ya heshima ya mfungwa mweupe haukuzaa ripoti kama hiyo juu yao.

Kwa hiyo Waingereza walipogeuka kuwa wafungaji mwaka 1941, walikuwa na somo mkononi. Kifungu cha 2 cha Mkataba wa Geneva kiliwataka wamlinde mateka dhidi ya ukatili, matusi na udadisi wa umma. Ulaya, udadisi wa umma ulimaanisha makundi ya watu wanaozomea barabarani. Kenya, maneno hayo yaliweza kupewa maana nyingine: macho ya Mwafrika.

5. Haki ya Mateka na Wajibu wa Mtawaliwa

Mkataba wa 1929 ulikuwa na vifungu 97, na baadhi yake vinagusa moja kwa moja maisha ya Nanyuki. Chakula cha mateka kilipaswa kuwa sawa, kwa kiasi na kwa ubora, na cha wanajeshi wa nchi iliyomteka walio katika vituo vya nyuma. Ofisa hakuweza kulazimishwa kufanya kazi. Askari wa kawaida aliweza kupewa kazi, lakini si kazi inayohusiana moja kwa moja na shughuli za vita. Aliyetoroka akakamatwa kabla ya kulifikia jeshi lake au kutoka katika eneo la adui alistahili adhabu ya nidhamu tu, na adhabu kali kuliko zote za nidhamu ilikuwa kifungo kisichozidi siku 30. Hapo ndipo zinapotoka siku 28 za Benuzzi. Mkuu wa kambi hakuwa na njia ya kwenda mbali zaidi hata kama angetaka. Uungwana wake ulikuwa katika zile siku 21 alizosamehe; mpaka ulikuwa umekwisha kuwekwa na watu wengine.

Sasa tumtazame mtu wa upande wa pili wa seng'enge. Mwanamume Mwafrika nchini Kenya mwenye umri wa miaka 16 au zaidi alitakiwa kubeba kipande, mfumo ulioanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kilikuwa na alama za vidole vyake na orodha ya waajiri wake, na kiliwekwa katika kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Kibarua aliyeondoka kazini bila ruhusa alikuwa ametenda kosa la jinai. Alama za vidole zilisaidia kumtafuta, na jela ilimngoja. Mateka alipewa namba kwa sababu alikuwa amebeba silaha dhidi ya Mfalme wa Uingereza. Mwafrika alipewa namba kwa sababu alikuwa mwanamume na Mwafrika.

Vita viliuongeza uzito huo. Mwaka 1942 kanuni za ulinzi nchini Kenya zilihalalisha kuwachukua Waafrika raia kwa nguvu ili wafanye kazi katika shughuli zilizoitwa muhimu, yakiwamo mashamba ya watu binafsi ya katani na pareto. Tanganyika nako watu waliandikishwa kwa nguvu kwenda kwenye katani. Ofisa wa Kiitaliano aliyekuwa amepigana dhidi ya Uingereza aliweza kisheria kukataa kushika jembe. Mwafrika ambaye pengine nduguye alikuwa Keya, akipigania Uingereza, hakuweza.

Chakula nacho kinasema mengi. Benuzzi na wenzake waliweka akiba kidogokidogo kutoka katika posho yao na vitu walivyobadilishana na wenzao hadi wakapata vya kuwatosha mlimani. Walirudi wakiwa wamekonda na wenye njaa kali, na hilo haliwezi kupuuzwa. Lakini mwaka huo wa 1943 watu wa Gĩkũyũ waliokaa kusini mwa mlima huohuo waliuita mwaka wa Ng'aragu ya Mĩanga, njaa ya muhogo, kutokana na unga wa muhogo uliotumika kuokoa maisha mahindi yalipokosekana. Hakuna mkataba wa kimataifa uliowapimia wao kibaba.

Ulinganisho huu haulengi kudai kwamba mateka walineemeka. Uchovu wa kufungwa bila kujua mwisho wake, kutopata habari za wake na watoto, na mauti yaliyojaza makaburi ya Nyeri ni mambo ya kweli. Wala si halali kusahau kwamba nchi ya mateka hao ilikuwa imeendesha kambi zake yenyewe. Huko Danane, Somalia, na katika kisiwa cha Nocra, Eritrea, utawala wa Kiitaliano uliwafungia Waethiopia kwa maelfu, hasa baada ya jaribio la kumwua Graziani mnamo Februari 1937, na wengi walikufa kwa maradhi, kiu na utapiamlo. Italia ilikuwa imetia saini mkataba uleule wa 1929. Katika macho ya utawala huo, Mwethiopia aliyefungwa Danane hakuwa mateka wa vita bali mwasi. Hitilafu ya jina moja ilitosha kumtoa katika ulinzi wote.

6. Kitabu na Mlima

Benuzzi alikichapisha kitabu chake kwa Kiitaliano mwaka 1947 kwa jina Fuga sul Kenya, kisha akakitoa kwa Kiingereza mwaka 1952 kwa jina No Picnic on Mount Kenya. Ni kitabu kizuri. Kinasomeka kwa raha, hakina kinyongo, na kinamcheka mwandishi wake kabla ya kumcheka mtu mwingine. Wapanda milima wanakihesabu miongoni mwa vitabu bora vya fani yao, na wana haki. Mtafiti wa fasihi ya kifungo, hata hivyo, ana maswali mengine ya kukiuliza.

La kwanza ni juu ya namna kitabu kinavyouelewa ufungwa. Adui mkuu wa mateka humu si Mwingereza bali wakati: siku zinazofanana, zisizoamuliwa na mtu mwenyewe. Mlima unarudisha uamuzi. Kwa kuutazama, mtu anapata tena kesho, kwa kuwa kuna jambo la kupanga, kificho cha kutafuta, msumari wa kuiba. Hapo Benuzzi anakutana na waandishi wa gerezani wa Afrika Mashariki waliomfuata. Abdilatif Abdalla, aliyetunga mashairi ya Sauti ya Dhiki kwa siri kwenye karatasi za msalani alipokuwa kifungoni kati ya 1969 na 1972, aliifanyia karatasi jambo ambalo Benuzzi aliifanyia nyundo: aligeuza kitu cha gereza kuwa chombo cha asichokitaka mfungaji. Tofauti ni kwamba mmoja alihitaji mlima na mwingine alihitaji wasomaji.

La pili ni juu ya watu waliomo na wasiomo. Mwafrika katika masimulizi ya Benuzzi ni mtu wa pembezoni: mlinzi anayepaswa kukwepwa, au mtu wa mbali anayeweza kuwaona watoro na kutoa taarifa. Mwanzoni wanasafiri gizani ili wasionekane. Wakishaingia msituni, Afrika inakuwa tembo, kifaru, mianzi na mvua, na hofu inageuka furaha, kwa kuwa nchi isiyo na watu ndiyo nchi iliyo huru. Lakini nchi ile haikuwa haina watu. Ilikuwa imefanywa ionekane hivyo kwa mipaka ya hifadhi ya msitu upande mmoja na ya mashamba ya walowezi upande mwingine. Benuzzi, ofisa wa koloni lililoanguka, anapita katika koloni lililosimama na kuliona kwa macho aliyoyazoea.

Hili si kosa lake peke yake, bali ni desturi ya maandishi kuhusu mlima huo tangu yalipoanza. Halford Mackinder, anayehesabiwa kuwa wa kwanza kuifikia Batian mwaka 1899, alikwenda na msafara mkubwa uliokuwa na wapagazi Waswahili kutoka Zanzibar, na baadhi ya watu wa msafara huo hawakurudi hai. Majina yao hayamo vileleni. Yaliyomo ni ya Wamasai: Mackinder aliviita vilele Batian, Nelion na Lenana kwa kuwaenzi walaibon wa Kimasai, na Lenana mwenyewe alikuwa hai wakati huo. Miaka kadhaa baadaye Wamasai waliondolewa katika nyanda za Laikipia, ambazo mtu aliyesimama kileleni huziona upande wa kaskazini-magharibi. Bendera ya Italia ilisimikwa mwaka 1943 juu ya jina la mtu ambaye watu wake walikuwa wamehamishwa ili Nanyuki iwe mji wa walowezi.

Kwa upande wa Kiswahili, vita hivyo vilipata mwandishi wake. Shaaban Robert, aliyekuwa karani wa serikali huko Tanganyika, alivisimulia katika Utenzi wa Vita vya Uhuru, utungo wa maelfu ya beti uliochapwa mwaka 1967. Jina la utenzi huo linastahili kusomwa kando ya kitabu cha Benuzzi. Mwitaliano anaandika kuhusu uhuru wa mtu mmoja kwa siku 18. Shaaban Robert anaviita vita vya dunia nzima kuwa vya uhuru, akiwa yeye mwenyewe mtawaliwa. Wasomi wamelumbana iwapo jina hilo ni uaminifu kwa Mwingereza au ni deni analodaiwa Mwingereza. Huenda ni yote mawili.

7. Barabara, Kanisa na Majina Mapya

Italia ilisalimu amri mnamo Septemba 1943 na mwezi uliofuata ikatangaza vita dhidi ya Ujerumani. Mateka walijikuta katika hali ya ajabu: nchi yao ilikuwa upande wa waliowafunga, lakini wao waliendelea kuwa mateka. Waliokubali kushirikiana walipewa nafasi zaidi ya kwenda huku na huko na kufanya kazi. Waliokataa, wengi wao kwa itikadi ya ufashisti au kwa kiapo kwa mfalme, walibaki ndani. Uhaba wa meli uliwachelewesha wote. Wengi hawakufika kwao hadi 1946 na 1947, na wapo waliochagua kubaki au kurudi Kenya kama mafundi na wakandarasi.

Kazi yao inayoonekana zaidi ni barabara inayoteremka ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Naivasha. Kandoni mwake, Mai Mahiu, walijenga mwaka 1942 kikanisa kidogo cha mawe ambamo hawawezi kukaa zaidi ya watu wachache. Madereva wa malori husimama hapo hadi leo. Kikanisa hicho kimeifanya barabara nzima iitwe ya Waitaliano, na mazoea hayo yanahitaji tahadhari. Barabara za Kenya za miaka hiyo na za kabla yake zilijengwa pia kwa mikono ya Waafrika wengi, wengine wakiwa wamelazimishwa, na hao hawakuacha jengo lenye jina lao. Mateka alikuwa na kasisi, Jumapili na mawe ya ziada. Kumbukumbu ya majengo hufuata haki, na ilikwisha kuelezwa nani alikuwa na haki.

Mwaka 1952, mwaka ambao Kiingereza cha Benuzzi kilitoka London, serikali ya Kenya ilitangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba. Kambi zikarudi, safari hii kwa ajili ya wenyeji. Wapiganaji wa msituni na walioshukiwa kuwaunga mkono walifungwa kwa makumi ya maelfu huko Manyani, Mackinnon Road, Mwea, Hola na kwingineko. Hifadhi ya msitu ya Mlima Kenya, iliyokuwa njia ya furaha ya Benuzzi, ikawa eneo la vita ambamo majeshi ya serikali yaliwawinda watu.

Serikali ilichunga sana maneno. Walioshikwa hawakuitwa mateka wa vita, maana neno hilo lingeleta pamoja nalo Mkataba wa Geneva, uliokuwa umefanyiwa marekebisho mwaka 1949. Waliitwa magaidi, wahalifu au, kwa neno la sheria, wazuiliwa, na Kiswahili cha Kenya kikapata msamiati wa kizuizini ambao umedumu katika fasihi yake hadi leo. J. M. Kariuki aliandika juu ya miaka yake ya kambini katika kitabu kilichotoka mwaka 1963. Gakaara wa Wanjaũ, aliyekamatwa mwanzoni kabisa mwa hali ya hatari, alitunza shajara kwa siri na kuichapa kwa Gĩkũyũ mwaka 1983. Ukisoma maandishi hayo baada ya Benuzzi, unatambua vitu vingi: seng'enge, hesabu ya asubuhi, ujanja wa kupata karatasi. Kisichokuwamo ni kile kifungu cha siku 30.

Jambo lililogombaniwa zaidi katika kambi hizo lilikuwa kazi. Wazuiliwa wengi walishikilia kuwa wao ni wafungwa wa kisiasa na hawapaswi kulazimishwa kuchimba mifereji, dai ambalo ofisa wa Kiitaliano wa mwaka 1942 hakuhitaji hata kulitamka. Tarehe 3 Machi 1959, huko Hola, wafungwa waliokataa kufanya kazi walipigwa kwa marungu na walinzi, na 11 kati yao wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilieleza kwamba walikufa baada ya kunywa maji.